Gereji ya Wasomaji: Spoila ya GT-Four juu ya Celica ya mwaka 1996

Mwezi huu barua tatu zimenifikia, zote za spoila, yaani lile bawa linalofungwa mkiani mwa gari. Naanza na ya kijana wa Isevya na nitakaa nayo sana, kwa sababu yeye yuko mbioni kutoboa, na bati likishatobolewa halirudi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Isevya, hapa hapa Tabora. Nina Toyota Celica ya mwaka 1996, ST202, ile ya taa nne za mviringo mbele, injini 3S-GE. Niliinunua kwa mtu Dar es Salaam nikaja nayo mwenyewe kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi. Spoila yake ya kiwandani ni fupi, imepasuka mguu wa kushoto, na mvua ikinyesha buti inalowa. Kule Gerezani, Dar es Salaam, kuna muuzaji ana spoila ya mtumba iliyo ndefu kidogo, anasema imetoka kwenye GT-Four, ile Celica ya turbo. Ana nyingine mpya ya faiba, bawa kubwa la miguu miwili, bei yake ni nafuu zaidi. Fundi wangu anasema hata hilo bawa atalifunga kwa skrubu za bati, kazi ya saa moja. Rafiki zangu wanasema gari litashika barabara zaidi. Mke wangu anasema napoteza hela. Nishike la nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, mwambie fundi wako aweke drili chini. Mengine tutayazungumza taratibu.

Naanza na skrubu za bati kwa sababu nina deni nazo. Nilipokuwa bado najifunza kazi, mteja alileta gari akitaka spoila ifungwe kabla ya Ijumaa, ana harusi Nzega. Mzee aliyekuwa akinifundisha, mtu aliyezeekea kwenye kupaka rangi mabehewa ya reli, alikuwa safarini. Nikatoboa, nikafunga skrubu nne za bati, nikaziba pembeni kwa puti, nikapiga rangi. Ilipendeza. Miezi mitano baadaye, kwenye barabara hiyo hiyo ya Nzega, ile spoila iling'oka, ikapaa, ikaangukia njia ya mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Ilimkosa kwa hatua mbili tatu. Mwenye gari aliniletea spoila mkononi, hakusema neno. Nilipotazama matundu, kutu ilikuwa imekula bati mpaka skrubu zilikuwa zimeshikilia rangi tu. Tangu siku hiyo sijafunga kitu chochote nje ya gari kwa skrubu ya bati, na sitafunga.

Bati la mlango wa buti halifiki hata milimita moja. Skrubu ikiingia pale inashika kwa jino moja au mawili basi. Gari likipita kwenye makorongo, bawa linatikisika, jino linakula tundu, tundu linapanuka, maji yanapata njia. Kiwandani spoila hufungwa kwa bolti iliyozamishwa kwenye mguu wa spoila yenyewe, inapenya bati, halafu nati inakazwa kutoka ndani. Nguvu inagawanyika kwenye bati pana. Ndiyo njia pekee ninayokushauri.

Sasa hoja ya rafiki zako. Hawakosei kabisa, ila wanazungumzia mwendo ambao wewe hutembei. Bawa la nyuma hukandamiza mkia wa gari kwa nguvu ya upepo, na nguvu hiyo hupanda haraka kuliko mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Chukua bawa la upana wa meta 1.25 na kina cha sentimeta 16, tuseme limefinyangwa vizuri na linapata upepo safi. Kwa hesabu yangu, kwenye kilomita 50 kwa saa linakandamiza kama kilo 2, yaani mfuko wa sukari uliouweka juu ya buti. Kwenye 100 ni kama kilo 8. Mpaka ufike 160 ndipo unapata kilo 20, dumu moja la maji. Hapa mjini mwendo wetu ni hamsini, na kila anayetoka Tabora kwenda Nzega anajua habari ya tochi za trafiki za kupima mwendo. Huo mfuko wa sukari hautabadili kona yoyote.

Kuna jingine ambalo rafiki zako hawakukuambia. Celica yako inavutwa na magurudumu ya mbele. Bawa limekaa nyuma kabisa, limepita ekseli ya nyuma. Umewahi kuona mtu mzito akipanda keria ya baiskeli? Tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unayumba. Kwenye gari jambo hilo ni dogo, lakini liko vile vile: unachoongeza nyuma, kidogo kinapungua mbele, na mbele ndiko kunakokuvuta, ndiko kunakopinda, ndiko kunakofunga breki nyingi.

GT-Four ni habari nyingine. Ile ina turbo na inaendesha magurudumu yote manne, imezaliwa kwa ajili ya mashindano. Jina la Celica kwa sisi watu wa Afrika Mashariki lilijengwa na Safari Rally ya Kenya: ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986, ikarudi 1990, kisha ikashinda mfululizo 1992, 1993 na 1994. Mwaka 1993 Celica zilichukua nafasi nne za kwanza zote. Kwa umbo hili la kwako, Toyota walitengeneza GT-Four 2,500 maalumu ili waruhusiwe kuingia mashindano ya dunia, na hizo zilikuja na vipande vya kuweka chini ya spoila ili iinuke, ipate upepo usiovurugwa na kioo. Kwa hiyo ule urefu unaoupenda una sababu yake, na sababu hiyo iko kwenye mwendo mkubwa.

Nisieleweke kwamba spoila ni pambo tupu. Mwaka 1998 Audi walitoa gari lao TT likiwa na mkia laini, mviringo, bila spoila. Kule Ujerumani kuna barabara ambazo sehemu zake hazina kikomo cha mwendo. Zikatokea ajali mbaya, madereva wakihama njia au wakipinda kwa kasi kubwa mkia unakuwa mwepesi na kuwaponyoka. Kampuni ikayaita magari yarudi, ikayawekea spoila ndogo, ikabadilisha na vitu vya chini ya gari, ikaongeza mfumo wa kuzuia kuteleza. Utaona kilichowekwa kilikuwa kijibawa kidogo tu ukingoni mwa buti. Porsche walifanya hivyo tangu mwaka 1972 kwenye Carrera RS, ule mkia uliopewa jina la mkia wa bata. Hata hii yako fupi iliyopasuka ni kazi ya watu waliopima. Usiione ndogo ukaidharau.

Kati ya hizo mbili za Gerezani, chukua ya mtumba, uache bawa la faiba. Bei nafuu utailipa baadaye kwa fundi. Lile bawa la miguu miwili halikutengenezwa kwa ajili ya gari lolote, miguu yake ni bapa na bati lako limejikunja. Fundi atalazimisha kwa kukaza, faiba itapasuka au bati litabonyea. Tena nguvu yote inaangukia sehemu mbili tu, na baada ya mwaka wa barabara za vumbi utaona nyufa za rangi zimezunguka kila mguu kama utando wa buibui.

Ila usiamini neno la muuzaji kwamba ni ya GT-Four. Mwambie ageuze spoila, akupigie picha ya chini. Ya kiwandani huwa na bolti zilizozamishwa kwenye mguu, si zilizobandikwa kwa gundi, na mara nyingi ina mipira yake ya kukalia au alama za ilipokaa. Halafu mwombe jambo moja, na akikataa achana naye: alaze karatasi ya manila mezani, akalishe spoila juu yake, achore kila mguu kwa kalamu na kuweka nukta kwenye kila bolti, kisha aikunje aitume kwa basi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuagiza spoila nzima ikaja kukataa. Ukiipata, ilaze juu ya mlango wa buti ya gari lako baada ya kuondoa spoila ya zamani, uone nukta zinaangukia wapi. Magari haya ni ndugu, lakini matundu yaliyotobolewa kiwandani yalifuata spoila ambayo gari lilikuja nayo. Karatasi ndiyo itakayokuambia.

Ukishaondoa hiyo fupi, ndipo kazi yenyewe inapoanza, na hapa naomba usiwe na haraka. Barua yako imesema buti inalowa. Mimi hilo ndilo lililonishtua kuliko spoila. Maji yanayopita kwenye mguu uliopasuka hayaishii kwenye kapeti. Yanashuka ndani ya mlango, yanakaa kwenye ukingo wa chini ambako bati limekunjwa mara mbili, na yanalila kutoka ndani. Toa ile plastiki ya ndani ya mlango. Gonga ukingo kwa kifundo cha kidole ukisikiliza: bati zima linalia, bati lililooza linanyamaza. Palipo na shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Kwenye ukingo huo kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Kwa magari yaliyokaa kwetu huku huwa vimejaa vumbi lililogandamana kama tofali. Vizibue kwa waya. Kama kuna kutu, ikwangue mpaka uone chuma cheupe, piga dawa ya kutu, piga praima, ndipo uendelee. Kama ukingo umeoza mpaka unatoboka kwa kidole, sahau spoila kwanza, tafuta mlango mwingine mzima.

Matundu ya zamani yatakayobaki wazi yanataka kuzibwa kwa chuma, na kwa gari lako kuna tatizo: kioo cha nyuma kiko karibu na moto. Fundi wa kuchomelea aende kwa nukta moja moja, apumzike, aweke kitambaa kibichi pembeni, ahamie tundu jingine. Akiunguza mfululizo bati litajikunja na kioo kinaweza kupasuka. Tundu litakalofunikwa na mguu mpya halihitaji moto, linazibwa kwa kizibo cha mpira na silikoni. Kosa kubwa ni kuziba tundu kwa puti peke yake. Puti inafyonza unyevu, kutu inaendelea chini yake, na siku moja inadondoka nzima kama kifuniko cha chupa.

Kutoboa kupya nakuonyesha ninavyofanya mimi. Nafunika sehemu yote kwa tepu ya karatasi, nabandika manila juu yake, napima kutoka pembe za kioo kushoto na kulia zaidi ya mara moja. Kisha nakwenda nyuma hatua kumi na kuchuchumaa, kwa sababu macho hugundua upogo ambao futi haikuuona. Nagonga alama kwa senta panchi, pigo moja jepesi. Naanza na biti ya milimita 3, naweka tone la oili, natoboa bila kusukuma kwa nguvu, kisha napanua polepole mpaka bolti ipite bila kubanwa. Nalainisha ukingo wa tundu kwa tupa ndogo. Halafu nachukua brashi ya rangi ya maji, ile ya watoto wa shule, na kuzungusha praima kwenye ule ukingo mweupe wa chuma, juu na chini, mara mbili, na kuacha ikauke. Dakika hizo ishirini ndizo zinazoamua kama gari litakuwa na kutu baada ya miaka mitatu. Mafundi wengi wanazikwepa kwa sababu hakuna mteja anayeziona.

Kati ya mguu na bati weka mpira. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa kwa umbo la mguu inafanya kazi vizuri sana. Mduara mwembamba wa silikoni kuzunguka kila bolti, kisha kalisha spoila, na ndani weka washa pana kabla ya nati. Bolti za milimita 6 zinataka spana namba 10, nawe shika spana karibu na kichwa chake ili usiweze kukaza kupita kiasi. Kaza kidogo kushoto, kidogo kulia, rudi. Silikoni ikikauka, jaribu kwa maji. Mimi nakunja viti vya nyuma, mwanangu anaingia na tochi, mimi namwaga ndoo mbili polepole juu ya kila mguu. Akiniambia "baba, hapa", nafungua nati na kuanza upya. Usikubali gari lako litoke gereji bila jaribio hili.

Sasa uzito. Chukua spoila zote mbili mpaka kwa muuza mchele, uziweke kwenye mizani. Mlango wa buti ya Celica una kioo kikubwa, ni mzito tayari, na unashikiliwa na zile shokapu mbili nyembamba za gesi ambazo kwako huenda zina umri wa gari. Ukiongeza kilo moja na nusu juu ya shokapu zilizochoka, mlango utakushukia kichwani umeinama kutoa mzigo. Pima alfajiri, si mchana, maana gesi ikipoa nguvu yake inapungua: shokapu inayosimama saa nane mchana mwezi wa kumi inaweza kushindwa asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Zikishindwa, nunua mpya. Usimruhusu mtu yeyote kuzitoboa, kuzichomelea au kuzitia moto ili "kuziongezea nguvu". Ndani mna gesi iliyoshindiliwa na inaweza kumuua.

Kama spoila yako ya sasa ina taa ya breki na hiyo mpya haina, hamishia taa nyuma ya kioo, ndani. Nyaya zinapita kwenye bomba la mpira karibu na bawaba, na hapo ndipo hukatika kwa kukunjwa kila siku, kwa hiyo zikague. Viungo vichomewe kwa risasi, si kusokotwa na kufungwa tepu.

Na kabla hujapeleka rangi, kaa kwenye kiti cha dereva, mtu ashikilie spoila mahali pake, na umwombe kijana wa bodaboda asimame nyuma hatua kumi, kisha ishirini, kisha arobaini. Angalia kioo cha ndani. Kama kuna mahali pikipiki nzima inapotea nyuma ya bawa, ujue kila siku kwenye barabara zetu hizi kutakuwa na mtu ambaye humwoni. Kwangu mimi hilo linatosha kuirudisha spoila, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Angalia pia waipa ya nyuma isigonge.

Rangi nitaisema kwa kifupi. Usichanganyiwe rangi kwa namba ya kiwandani peke yake, gari la mwaka 1996 limeshapigwa jua vya kutosha. Ng'oa kifuniko cha tangi la mafuta, kisugue kwa polishi mpaka king'ae, ukipeleke dukani kiwe kielelezo. Nyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi, piga rangi asubuhi kabla upepo haujaamka, na kwa siku chache za mwanzo usiegeshe chini ya mwembe. Najua kwetu Tabora kivuli ni mwembe, lakini utomvu wake ukiangukia rangi mbichi hautoki.

Kuhusu mkeo: mweleze ukweli kamili. Mwambie buti inavuja, bati linaoza, na pesa ya kwanza itaenda huko. Kisha mwambie kwamba hiyo ndefu unaitaka kwa sababu unaipenda. Gari la namna hii mtu hulinunua kwa sababu analipenda, na hilo halina haja ya kufichwa nyuma ya habari za kushika barabara.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu, niko Nzega, natumia Altezza ya injini 1G. Nimeambiwa nikiweka spoila ya juu mafuta yatapungua. Pia ina spoila ndogo ukingoni mwa buti iliyobandikwa kwa gundi, imeanza kubanduka upande mmoja. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri dada yangu, pole na majukumu ya darasani. Spoila ya juu haitapunguza mafuta. Bawa lililosimama kwenye upepo linaongeza mzigo kwa injini. Kijibawa kidogo cha ukingoni kikiwa na umbo sahihi kinaweza kusaidia kidogo, nacho unacho tayari. Kama unataka kuona tofauti kituo cha mafuta, fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko cha upepo wa matairi, ujaze kama kilivyosema matairi yakiwa ya baridi, na urudie kila wiki mbili.

Kilichobanduka usikivute kwa mkono, kitakatika au kitaondoka na rangi. Acha gari juani mpaka gundi ilainike. Chukua nailoni ya kuvulia samaki, ipitishe chini ya upande uliobanduka, watu wawili mshike ncha na kusaga kama msumeno mpaka upande wa pili. Mabaki ya gundi yasugue kwa kidole na mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni, futa kwa spiriti, subiri pakauke kabisa. Bandika kwa tepu ya pande mbili ya magari, ile nene ya kijivu au nyeusi yenye sponji. Kandamiza kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni na usioshe gari mpaka kesho yake. Supagluu usiiguse, inakauka ngumu na kupasuka kwa mtikisiko.

SWALI: Fundi, mimi ni seremala wa Kaliua. Ndugu yangu ana gari dogo la michezo la zamani, spoila yake haipatikani tena. Nina ubao wa mninga uliokauka miaka minne. Naweza kuchonga spoila ya mninga, tukapaka rangi, ikadumu?

JIBU: Ndugu yangu, barua yako nimeisoma kwa furaha. Mninga wa kwetu ni mti mtulivu, ukishakauka haujikunji hovyo, na mtu mwenye mkono wako anaweza kupata umbo ambalo mimi kwa puti singelipata. Lakini usiufunge kwenye gari. Ni mzito, na kila bolti itakuwa mlango wa maji. Mninga wako uwe kielelezo, spoila itoke kwenye faiba.

Chonga umbo kamili, ukihakikisha hakuna sehemu inayorudi ndani, la sivyo faiba itakatalia hapo. Lainisha kwa msasa mpaka namba 400, paka vanishi mara tatu, lainisha tena, kisha paka nta ya sakafu na kung'arisha, rudia mara tano au sita. Umbo la kwanza la faiba unalolijenga juu ya mbao ndilo kalibu, nene kidogo, na linatoka vipande viwili, juu na chini. Ndani ya kalibu hiyo, iliyopakwa nta vilevile, ndimo unamotengeneza spoila yenyewe kwa mikeka mitatu ya faiba. Kwenye miguu zamisha kipande cha bati la milimita 2 chenye bolti zilizochomelewa, kikiwa kati ya mkeka na mkeka, ili bolti isije ikazunguka peke yake siku ya kukaza.

Kwa joto la Kaliua hadena, ile dawa ya kugandisha resini ya faiba, iwe kidogo: gramu 10 kwa kilo 1 ya resini inatosha, na uchanganye kiasi utakachomaliza kwa dakika kumi. Anza saa moja asubuhi. Kama resini yako imekuja na chupa mbili, hadena na ile ya zambarau ya kuharakisha, kamwe usizikutanishe zenyewe kwa zenyewe, zinaweza kulipuka. Moja inaingia kwenye resini na kukorogwa kabisa, ndipo ya pili ifuate. Funika macho, fanya kazi nje penye upepo, na siku ya kupiga msasa vaa barakoa, maana vumbi la faiba linaingia kifuani.

Acha kila kipande ndani ya kalibu mpaka kesho yake. Kikigoma kutoka, mimina maji ya uvuguvugu kwenye mpaka na ugonge kwa nyundo ya mpira. Ukishaunganisha juu na chini, funga kwenye gazeti upande treni uje nayo kwangu Kanyenye, hapa Tabora, nataka kuiona kabla hamjatoboa. Na ubao wa mninga usiutupe, uje nao.